Uvimbe wa majimaji kwenye ovari: Kwa nini hurudi, na ni upi unaohitaji upasuaji?

Mwanamke kijana anayepimwa altrasaundi mjini Kampala kwa sababu ya maumivu ya chini ya tumbo mara nyingi huondoka na karatasi iliyoandikwa Kiingereza na neno moja alilolielewa: "uvimbe" akiambiwa kwa Kiswahili, au "ekizimba" akiambiwa kwa Kiluganda. Neno hilo hutumika kwa fibroidi ya kizazi, kwa jipu, kwa saratani, na pia kwa kifuko cha majimaji ambacho hutoweka chenyewe baada ya wiki chache. Kwa sababu hiyo habari ile ile inaweza kumfanya mmoja akope fedha kwa ajili ya upasuaji asiouhitaji, na mwingine apuuze maumivu yanayoweza kumpotezea ovari kwa usiku mmoja.

Hofu huongezeka pale uvimbe uliokuwa umekwisha unapoonekana tena. Wengi hudhani kwamba ugonjwa unaorudi lazima uwe saratani, au kwamba aliyetibu mara ya kwanza hakufanya kazi yake. Kitabibu, kurudi peke yake si dalili ya saratani. Katika mwongozo wake wa mwaka 2011, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Uingereza kilieleza kuwa kati ya wanawake 1,000 ambao hawajakoma hedhi na wana uvimbe wa ovari unaoleta dalili, takriban mmoja tu ndiye huwa na saratani, idadi inayopanda hadi watatu wanapofikia umri wa miaka 50. Kwa kijana, basi, swali la kwanza si lini uvimbe utatolewa, bali ni wa aina gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atasubiri, atatumia dawa au atapasuliwa.

Kazi ya kila mwezi ya ovari

Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa kizazi, na kila moja ina urefu wa takriban sentimita 3. Msichana huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapobalehe hubakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000, na hakuna mengine yanayotengenezwa baada ya hapo.

Kila mwezi vifuko kadhaa vyenye mayai huanza kukua. Kwa kawaida kimoja huvitangulia vingine, kikajaa majimaji hadi kufikia kipenyo cha takriban sentimita 2, kisha kikapasuka na kuliachia yai. Mabaki yake hugeuka kuwa tezi ndogo ya muda, inayoitwa mwili wa manjano, ambayo hutoa homoni za kuuandaa ukuta wa kizazi kupokea mimba. Mimba isipotunga, tezi hiyo hunyauka na hedhi hufuata.

Hivyo ovari yenye afya hutengeneza kifuko cha majimaji kila mwezi. Ripoti ya altrasaundi inayotaja kifuko cha sentimita 2 kwa msichana wa miaka 20 huenda inaeleza tu kwamba ovari yake inafanya kazi. Tatizo huanza pale kifuko kinaposhindwa kupasuka na kuendelea kujaa, au mwili wa manjano unapoziba na kujaa majimaji au damu badala ya kunyauka.

Sababu nne tofauti za kurudi

Aina ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi kwa vijana, ndiyo hiyo inayotokana na mzunguko wa hedhi. Hutoweka yenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Hurudi kwa sababu yai hupevuka tena mwezi unaofuata, na ajali ile ile inaweza kutokea tena, pengine katika ovari ya upande wa pili. Uvimbe wa mwezi huu na ule wa mwaka jana ni vitu viwili tofauti, ingawa ripoti zake zinafanana.

Hali fulani huongeza uwezekano huo. Vipandikizi vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi, na kitanzi chenye homoni, huweza kusababisha vifuko vya aina hii, ambavyo kwa kawaida huisha bila matibabu na si sababu ya kukitoa kipandikizi. Msichana ambaye uvimbe wake hujaa damu mara kwa mara, na ambaye pia hutokwa na hedhi nyingi au damu ya puani, anafaa kuchunguzwa iwapo damu yake ina tatizo la kuganda. Upungufu mkubwa wa homoni ya tezi ya shingo pia unaweza kuzijaza ovari vifuko, ambavyo hupungua tezi hiyo inapotibiwa.

Aina ya pili ni uvimbe wa endometriosi. Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na ile ya ndani ya kizazi huota nje yake na kuvuja damu. Damu hiyo ikikusanyika ndani ya ovari, huwa nzito na ya rangi ya kahawia iliyokolea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita vitabu vya tiba vilidai kwamba wanawake wa Afrika hawaupati, dai ambalo halikuwa sahihi na lililochangia wengi wao kutochunguzwa. Uvimbe huu hurudi kwa sababu upasuaji huuondoa mfuko wa damu lakini hauuondoi mwelekeo wa mwili kuujenga upya. Dalili zake ni hedhi yenye maumivu yanayomfanya msichana akose shule au kazi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na maumivu anapokwenda haja kubwa siku za hedhi.

Aina ya tatu ni demoidi. Huanzia kwenye chembe za mayai zenye uwezo wa kujenga tishu za kila namna, na ndani yake madaktari hukuta mafuta, nywele na wakati mwingine meno. Katika familia nyingi ugunduzi huo umezua tuhuma za uchawi au za mimba iliyofichwa. Ukweli ni kwamba demoidi haihusiani na uchawi, wala na mwenendo wa msichana. Huwapata hata wasichana ambao hawajawahi kukutana na mwanamume. Haitoweki yenyewe, lakini hukua polepole sana, kwa wastani chini ya milimita 2 kwa mwaka. Ikiondolewa yote ni nadra kurudi. Hata hivyo, takriban mwanamke mmoja kati ya 10 wenye demoidi huwa nayo katika ovari zote mbili, kwa hiyo ile inayodhaniwa imerudi huenda ilikuwapo upande wa pili tangu mwanzo.

Aina ya nne ni uvimbe unaotokana na ngozi ya juu ya ovari, uliojaa maji mepesi au ute mzito. Huu nao si saratani, lakini hauishi wenyewe, na ule wa ute unaweza kukua hadi tumbo likafanana na la mjamzito. Unaweza kurudi ikiwa sehemu ya ukuta wake ilibaki ndani. Ndiyo maana kuunyonya kwa sindano na kuuacha ukuta wake hakupendekezwi: majimaji mara nyingi hujaa upya.

Mbali na hizo nne, kuna hali inayochanganywa nazo kila siku. Ripoti ikisema kwamba ovari zina "vifuko vingi vidogo", wengi huamini kuwa wana uvimbe mwingi unaopaswa kutolewa. Vifuko hivyo, vya milimita 2 hadi 9, ni mayai yaliyosimama njiani kwa sababu ya mvurugiko wa homoni. Hali hiyo hutambuliwa kwa hedhi isiyo na mpangilio, chunusi nyingi na nywele kuota kidevuni au kifuani, na hutibiwa kwa kudhibiti uzito na kwa dawa. Kwa wasichana waliovunja ungo miaka michache iliyopita, altrasaundi peke yake haitoshi kuithibitisha, kwa kuwa ovari za umri huo kwa kawaida huonekana hivyo.

Uchunguzi unaofaa

Uchunguzi huanza kwa maswali. Tarehe ya hedhi ya mwisho, upande wenye maumivu, njia ya uzazi wa mpango inayotumika, na matokeo ya vipimo vya awali humweleza daktari mengi kabla mashine haijawashwa. Hatua inayofuata ni kipimo cha mimba, hata kwa mwanamke anayeamini kuwa hana. Lengo si kumhukumu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kuonekana kama uvimbe kando ya ovari, na ikipasuka inaua.

Altrasaundi ndicho kipimo kikuu. Hufanywa kupitia ukeni, njia inayoonyesha picha iliyo wazi zaidi, au juu ya tumbo kibofu kikiwa kimejaa. Msichana ambaye hajawahi kujamiiana hupimwa juu ya tumbo, na mwanamke yeyote ana haki ya kuelezwa kipimo kabla ya kukikubali. Ripoti nzuri haiishii kwenye neno moja. Hutaja ukubwa wa uvimbe, ovari ya upande upi, kama ndani yake kuna maji matupu au kuna sehemu ngumu, kama una kuta zinazougawa, jinsi damu inavyopita ndani yake, na kama kuna maji yaliyokusanyika tumboni. Uvimbe wenye ukuta mwembamba na maji matupu karibu kila mara si saratani. Sehemu ngumu, umbo lisilo la kawaida, damu nyingi inayopita ndani na maji tumboni ni sababu za kumpeleka mgonjwa kwa bingwa bila kuchelewa.

Kipimo cha damu cha CA-125 huagizwa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kwa kijana mwenye uvimbe wa maji matupu hakina faida, na kinaweza kumtia hofu bure: hupanda kwa sababu ya endometriosi, maambukizi ya nyonga, fibroidi, hata hedhi yenyewe. Uvimbe wenye sehemu ngumu kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 huhitaji vipimo vingine vya damu, ambavyo ni AFP, hCG na LDH, kwa sababu saratani chache za ovari zinazowapata wasichana huanzia kwenye chembe za mayai na hujionyesha kwa vipimo hivyo. Zikigunduliwa mapema, nyingi hupona kwa dawa, na mara nyingi uwezo wa kuzaa huhifadhiwa.

Kampala ina sababu zake za kusisitiza uangalifu huu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya saratani ya watoto inayoonekana zaidi kwenye taya, ambayo leo inabeba jina lake. Kwa wasichana saratani hiyo huweza pia kuzivimbisha ovari zote mbili kwa muda mfupi. Tiba yake ni dawa, si kuzikata ovari, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilitokana na kazi ya kuitibu. Kifua kikuu cha tumboni nacho hujaza maji tumboni, huvimbisha sehemu za nyonga na kukipandisha kipimo cha CA-125, kiasi cha kufanana kabisa na saratani ya ovari. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito vinapaswa kutajwa kwa daktari hata kama kilichompeleka mgonjwa ni maumivu ya tumbo.

Kusubiri nako ni matibabu

Kwa uvimbe wa maji matupu usioleta dalili, mwongozo huo wa Uingereza unaweka mipaka iliyo wazi. Ulio chini ya sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji ufuatiliaji wowote. Wa sentimita 5 hadi 7 hupimwa tena kila mwaka. Unaozidi sentimita 7 huhitaji picha za kina zaidi au upasuaji, kwa kuwa altrasaundi huenda isiuone wote. Pale daktari anapohitaji kuthibitisha kwamba uvimbe umetokana na mzunguko wa hedhi, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 12, vyema siku chache baada ya hedhi kwisha, wakati vifuko vipya bado ni vidogo. Kupima kila wiki hakuharakishi kupona, bali humaliza fedha na kuongeza wasiwasi.

Kusubiri huku ndiko kunakoeleza sifa za dawa nyingi. Aliyepewa antibayotiki, aliyekunywa mitishamba na ambaye hakutumia chochote, wote watatu huenda wakakuta uvimbe wao haupo baada ya miezi mitatu. Antibayotiki hazina kazi isipokuwa kuna maambukizi ya nyonga, ambayo huja na homa, uchafu ukeni na maumivu. Kuhusu mitishamba, ikiwa ni pamoja na emumbwa, vijiti vya udongo uliochanganywa na mimea ambavyo kwa desturi hutumiwa na wajawazito katika eneo la Buganda, hakuna ushahidi kwamba inayeyusha demoidi au uvimbe wa endometriosi. Hatari kubwa ni muda unaopotea, na dawa za kupachikwa ukeni zinazoweza kuunguza na kuleta maambukizi.

Vidonge: vinachoweza na visichoweza

Vidonge vya uzazi wa mpango vimetumika kwa miaka mingi kwa matumaini ya kuufuta uvimbe uliokwisha kutokea. Uchambuzi wa majaribio 8 uliochapishwa mwaka 2014 na mtandao wa Cochrane ulionyesha kwamba haviharakishi kutoweka kwake. Manufaa yake ni mengine: vidonge vyenye homoni mbili huzuia yai kupevuka, na hivyo hupunguza uwezekano wa uvimbe mpya. Kwa mwanamke ambaye uvimbe wa mzunguko humrudia kwa maumivu, au hupasuka na kuvuja damu mara kwa mara, hiyo ndiyo kinga iliyo rahisi zaidi. Sindano ya miezi mitatu nayo huzuia yai kupevuka, ingawa baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa.

Kwa wenye endometriosi, dawa za homoni baada ya upasuaji hupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi, mradi mwanamke hatafuti mimba kwa wakati huo. Akiziacha, kinga huondoka nazo.

Wazazi wengine huona aibu binti ambaye hajaolewa kupewa vidonge hivyo, na binti mwenyewe huogopa kwamba vitamfanya mgumba. Katika hali hii vidonge ni tiba ya ovari, na havimalizi uwezo wa kuzaa, kwani yai huanza kupevuka tena mara baada ya kuviacha. Hata hivyo havimfai kila mtu. Mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, au mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona mimweko ya mwanga anapaswa kupewa njia nyingine. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, au baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, lazima amweleze daktari, kwa sababu dawa hizo huidhoofisha kazi ya vidonge.

Upasuaji, na gharama yake kwa ovari

Upasuaji unahitajika uvimbe unapokuwa mkubwa, unapoendelea kukua, unapoleta maumivu yasiyoisha, unapokuwa na sura ya kutia shaka, au ovari inapojisokota. Kwa kijana mwenye uvimbe usio wa saratani, lengo ni kuumenya uvimbe na kuiacha ovari. Njia inayopendelewa ni ya matundu madogo kwa kamera, kwa kuwa jeraha hupona haraka na makovu ya ndani hupungua. Pasipo na vifaa hivyo, upasuaji wa kufungua tumbo uliofanywa kwa uangalifu bado unaweza kuiokoa ovari.

Hapa ndipo uamuzi wa haraka unapokuwa ghali. Kila mara uvimbe unapomenywa, tishu kidogo yenye mayai huondoka nao, na joto la kuzuia damu huweza kuunguza nyingine. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa uvimbe wa endometriosi, hasa upasuaji unaporudiwa au unapofanywa katika ovari zote mbili. Mwanamke aliyebaki na ovari moja yenye afya anaweza kushika mimba kwa njia ya kawaida. Lakini msichana aliyepasuliwa mara mbili au tatu kwa uvimbe ambao ungetoweka wenyewe amepoteza akiba isiyorudishika.

Kabla ya kutia saini, mgonjwa ana haki ya kupata majibu ya maswali manne: uvimbe unadhaniwa kuwa wa aina gani, nini kitatokea ukisubiriwa, kama ovari itabakizwa, na kama kitakachotolewa kitapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Swali la mwisho husahauliwa mara nyingi, lakini ndilo linalomsaidia zaidi mwanamke ambaye uvimbe wake unarudi. Bila karatasi ya patholojia na maelezo ya upasuaji wa kwanza, daktari wa pili hana namna ya kujua kama anakabili endometriosi iliyorejea au ajali mpya ya mzunguko. Karatasi hizo zinafaa kutunzwa kama zinavyotunzwa vyeti vya shule.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Hali ya hatari zaidi ni ovari kujisokota, yaani kuzunguka kwenye mishipa yake hadi damu ikakatika. Hutokea zaidi ovari inapobeba uvimbe wa sentimita 5 au zaidi, na demoidi huongoza kwa hilo. Maumivu huanza ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, makali, na mara nyingi huambatana na kutapika. Yanaweza kutulia kidogo kisha yakarudi, na utulivu huo huwadanganya wengi. Kinachohesabiwa ni saa, si siku. Ovari ikinyooshwa mapema hupona, hata ile iliyokwisha kugeuka rangi na kuonekana kama imekufa, ndiyo maana madaktari hushauriwa wasiharakishe kuikata kwa kuitazama tu.

Mwanamke anapaswa kupelekwa hospitali mara moja pia anapozimia au kupata kizunguzungu pamoja na maumivu ya tumbo, tumbo linapokuwa gumu, anapopata homa kali, au hedhi inapochelewa kisha yakafuata maumivu na kutokwa damu. Kumeza dawa za maumivu na kulala huweza kuficha mimba ya nje ya kizazi, ovari iliyojisokota au kidole tumbo.

Mahali pa kuanzia Kampala

Vituo vya afya vya Mamlaka ya Jiji, kama vile Kisenyi, Kawaala na Kisugu, ni milango ya kwanza ya huduma ya umma, na kutoka huko mgonjwa huandikiwa barua ya rufaa. Hospitali ya rufaa ya taifa ya Kawempe huwahudumia wanawake wengi wa jiji, na Hospitali Maalumu ya Wanawake na Watoto Wachanga ya Mulago ilifunguliwa mwaka 2018 ikiwa na vitanda 450. Uganda ilifuta ada katika huduma za kawaida za vituo vya umma mwaka 2001, ingawa wodi za kulipia zinaendelea kutoza. Nje ya huduma za serikali, hospitali za Mengo, Lubaga, Nsambya na Kibuli hutoa huduma za wanawake kwa malipo. Wakimbizi, wakiwemo wale waliotoka mashariki mwa Kongo na wanaoishi mjini, wana haki ya huduma za umma kama wenyeji.

Kwa wanaozungumza Kiswahili, kikwazo mara nyingi ni lugha. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini mazungumzo kliniki huendeshwa zaidi kwa Kiluganda na ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Mwanamke anaweza kuomba mkalimani anayemwamini, na ni vyema asiwe mume, mama mkwe au mtoto iwapo kuna mambo asiyoweza kuyasema mbele yao. Inasaidia pia kuandika mapema tarehe za hedhi tatu zilizopita, upande wa maumivu na majina ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Akitoka, ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa aina ya uvimbe, ukubwa wake kwa sentimita, na tarehe ya kurudi.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari. Mwenye maumivu makali ya ghafla asisubiri tarehe ya miadi; aende katika hospitali iliyo karibu naye saa hiyo hiyo.